Tableti ya Mzee Katembo

Parramatta,
Jumatatu, 29 Septemba 2025

Kosa wanalolifanya watu wengi wiki hii, mwanangu Chibalonza, ni kusogeza kwa mkono saa ambayo ingejisogeza yenyewe. Mtu anakwenda kulala Jumamosi, anaichukua simu yake na kuipeleka mbele kwa saa moja, kama alivyozoea kuifanyia saa ya ukutani. Ikifika saa nane usiku simu nayo inajipeleka mbele. Asubuhi mtu yuko kanisani peke yake, anashangaa wenzake wamepotelea wapi. Mwaka jana walikuwa watatu pale Mount Druitt, na mmoja wao ni mzee wa kanisa.

Juzi nilikwenda makao ya wazee kuandaa chumba cha baba yako, maana msimu wa kusogeza saa unaanza Jumapili hii. Saa ya ukutani na ile ya maikrowevu ni vitu visivyojua viko wapi duniani, kwa hiyo nimevibandikia karatasi za njano ili mhudumu avisogeze kwa mkono. Televisheni inajirekebisha. Tableti ndiyo iliyonichukua muda. Kompyuta, mwanangu, haihifadhi saa kama watu wanavyodhani. Inahifadhi jina la mji, kisha inapiga hesabu. Nilipofungua mipangilio nikakuta imeandikwa Brisbane, kwa sababu uliinunua huko kwenu ukaituma kwa posta. Nimeiandika Sydney. Sasa itajisogeza Jumapili bila kuguswa na mtu.

Ule muda wenu wa jioni nimeuacha ulivyo. Unakumbuka uongozi wa makao haukutaka kioo kifunguke ovyo, mzee asije akaonekana akivishwa nguo. Basi tableti inapokea simu yenyewe kuanzia saa moja kamili jioni hadi saa moja na nusu, kwa kufuata saa yake. Ukipiga nje ya hapo itaita kimya kimya, na baba yako kwa mikono ile inayotetemeka hawezi kubonyeza kitu. Nusu saa hiyo ndiyo yenu, na tangu uhamie Toowoomba mwezi wa saba sijamwona akiikosa hata siku moja. Saa kumi na mbili na nusu keshaanza kudai koti lake.

Kwa upande wako huna la kufanya. Piga saa moja kama kawaida. Simu yako usiiguse.

Mimi Jumatano naingia hospitali kubadilishwa nyonga, na daktari hataki nipande treni kwa wiki sita. Baba yako amenicheka: "Mwalimu, umebadilisha saa za watu wote, sasa zamu yako kubadilishwa." Moyo wake, anasema daktari, haujazidi wala haujapungua. Usiache kumpigia.

Mzee wako,
Kalume


Toowoomba,
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Papa Mwalimu,

Natumaini nyonga imekaa vizuri. Nilipiga simu yako, binti yako akaniambia hospitali hawataki usumbuliwe, kwa hiyo naandika. Unisamehe, maana hii si barua ya kumpa mgonjwa.

Baba hataki kuongea na mimi.

Nitakuambia yote, maana yeye hatakuambia. Jumamosi ile ya tarehe 4 tuligombana. Nilimwambia nimepata nyumba yenye chumba cha chini, hakuna ngazi, aje tuishi pamoja hapa. Akasema, "Mnataka kunihamisha kama kabati?" Nikamwambia, "Papa, uko peke yako huko." Akasema, "Siko peke yangu. Mama yako amelala hapa. Nikija huko kwenu, nani atang'oa majani juu yake?" Ndipo nikasema neno ambalo singependa watoto wangu wanirudishie siku moja. Nilisema, "Basi kaa na aliyekufa. Sisi tulio hai tutajua la kufanya." Alikaa tu na koti lake mpaka kioo kikazima.

Kesho yake Jumapili nikapiga saa moja kamili, nimeshapanga maneno ya kuomba msamaha. Ikaita mpaka ikakatika. Jumatatu vile vile. Nilifuata ulivyosema, simu sikuigusa, na saa kwangu ni simu tu, sina nyingine. Siku ya tatu nikapiga mara mbili. Siku ya nne nikapiga ofisi ya makao, na msichana akaniambia kwa Kiingereza kwamba baba yangu ameshalala. Papa Mwalimu, wewe unamjua. Baba yangu ni mtu wa kulala saa moja jioni? Huyo anakaa macho mpaka habari za usiku, halafu anagombana na mtangazaji. Nikajua amewaambia waseme hivyo.

Mwanangu Précieux aliniambia, kwa Kiingereza chake kama kawaida, niende Sydney tu nimwone. Lakini kiwandani nimeanza juzi, likizo hawanipi, na naingia kazini saa kumi alfajiri. Nimepiga jioni nane. Jana nilipokata simu nikajiambia basi, mtu akikufungia mlango mara nane amekujibu. Leo sipigi.

Ukipona umwambie kwamba lile neno nalifuta. Akitaka nipige, atume ujumbe kwako nami nitapiga saa hiyo hiyo. Asipotaka, nitamwacha apumzike. Usimwambie kwamba nimelia.

Mtoto wako,
Chibalonza


Mount Druitt,
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mwanangu Chiba,

Anayeandika ni Keza, yule mtoto wa Bujumbura anayenihudumia asubuhi. Alikuwa likizo, amerudi jana, Mungu ni mwema, maana wengine wote hapa tunaongea kwa vidole. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitengeneze.

Mimi ni mzima. Chakula ni kile kile, viazi vimepondwa, kama mtu ameshakula akakurudishia.

Chiba, kila jioni ninakaa. Saa moja haijafika mimi niko ndani ya koti, nimechanwa nywele, nimewekwa mbele ya hiyo mashine yako. Saa moja inafika. Kioo kinakaa cheusi. Ninaona ndani yake uso wangu tu. Saa moja na nusu wanakuja kunivua koti, wananipeleka kitandani, kwa sababu hapa wanatulaza kama kuku. Mimi silali. Ninaangalia dari. Jioni tisa sasa, na leo nitakaa tena.

Mwanzo nilisema mashine imeharibika. Lakini Keza ameangalia, taa ya kijani inawaka, akiigusa picha inakuja. Mashine ni nzima. Basi ni mimi. Ni lile neno langu la kabati. Ulikuwa unanitafutia chumba na mimi nikakuambia unanihamisha kama kabati. Mama yako angekuwa hai angenipiga na mwiko.

Kwa hiyo sikia. Nitakuja Toowoomba. Nimelala nikifikiria, nimeona ya kuwa mama yako hanihitaji kila siku, wewe ndiye unanihitaji. Majani Mwalimu atayaangalia, na nyonga yake ikiwa ya chuma atang'oa vizuri zaidi. Chumba hicho kiwe na dirisha upande wa jua la asubuhi. Koti nitakuja nalo.

Mwalimu usimwambie kwamba hatuonani. Mimi pia sijamwambia. Ninamjua yule, akisikia mashine yake ina shida atatoka hospitali na bandeji aje na bisibisi kufungua vis. Acha apone.

Sasa umenikasirikia vya kutosha. Piga.

Baba yako,
Katembo

Mimi Keza naongeza kidogo, babu hajui. Ameniambia niandike haraka kwa sababu macho yanamwasha. Si macho, mama. Tafadhali mpigie.


Parramatta,
Jumapili, 2 Novemba 2025

Mwanangu Chibalonza,

Natumaini mmefika Toowoomba salama na watoto wamerudi shule. Pale makaburini tarehe 25 sikupata nafasi ya kusema na wewe. Nilikuwa nimeshikiliwa na kile kigari cha kutembelea nilichopewa hospitali, watu walikuwa wengi, na kwaya ya wamama haikutaka kunyamaza. Naandika sasa yale niliyopaswa kuyasema.

Barua yako ya tarehe 13 ilinifikia hospitali Ijumaa tarehe 17. Baba yako alikuwa ameshatutoka Alhamisi asubuhi. Kwa hiyo ujumbe wako sikumfikishia, na hilo litabaki kuwa langu.

Uliniuliza, ukiwa umeshika mkono wangu mlangoni mwa kanisa, kama alikufa na hasira. Nilikuambia hapana. Nakueleza kwa nini. Moyo unapochoka, damu haizunguki kama zamani, na mwili unaanza kujiwekea akiba. Mgonjwa analala mapema, anaamka amechoka, jioni inamkuta hana nguvu. Baba yako katika siku zile za mwisho alikuwa akilala mapema mno. Ni usingizi tu, mwanangu. Simu iliita yeye akiwa amelala. Hakukufungia mlango.

Vitu vyake nimevikusanya. Koti nimelipeleka kusafishwa. Tableti nimeichukua na kuifuta kumbukumbu zake zote, kama inavyopasa kufanywa kwa chombo cha mtu aliyefariki.

Pumzika. Usijihesabie kosa.

Mzee wako,
Kalume


Toowoomba,
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mwalimu,

Tulipoondoka kuja kuzika niliwaambia jirani watuwekee posta ndani ya ndoo barazani. Jana nimeifungua ndoo. Kulikuwa na bili, karatasi za pizza, na barua ya baba. Muhuri wa posta ni tarehe 20. Nilimpigia Keza, akalia, akasema aliisahau kwenye mkoba wake siku zake za mapumziko, na aliporudi kazini kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Nakutumia nakala uisome mwenyewe.

Baba anasema alikaa mbele ya kioo kila siku saa moja jioni, amevaa koti, macho wazi. Mimi nilipiga kila siku saa moja jioni. Wewe umeniandikia kwamba alikuwa akilala mapema. Mtu aliyevaa koti akingoja hajalala. Kati yenu wawili mmoja amenidanganya, na baba yangu hakujua kudanganya, hata askari wa mpakani ilimshinda kumdanganya.

Kazini leo nimemwuliza fundi wa mashine kama saa ya Sydney na ya hapa ni ile ile. Amenicheka. Amesema tangu Oktoba kule wako mbele yetu kwa saa nzima, kwamba jimbo hili halisogezi saa, kila mtu anajua. Mimi sikujua. Miaka saba Sydney nilisogeza saa kama watu wote, nikadhani ni nchi nzima. Hata nilipokuja kuzika simu ilijibadilisha uwanja wa ndege, nami nikaitazama bila kuiona.

Lakini wewe ni mwalimu wa fizikia. Wewe ulijua. Nieleze basi, polepole, kama unavyowaeleza watu kanisani.

Chibalonza Katembo


Parramatta,
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Chibalonza,

Nilijua.

Nilijua kabla hujazaliwa. Nimewafundisha wanafunzi wa Kilifi ramani ya majira ya dunia kwa miaka thelathini na moja, na Queensland ilikuwa mfano wangu wa jimbo linalokataa kusogeza saa. Nililijua jambo hilo siku ile nilipofungua tableti nikakuta jina la Brisbane, mji mkuu wa jimbo hilo. Kwa nini unadhani nililibadilisha? Nilijiambia, "Hii itabaki nyuma, haitasogea." Nikaiandika Sydney, nikafurahi, nikaona nimekamata kosa ambalo mtu mwingine asingeliona. Halafu nikakuandikia wewe, uliye katika jimbo hilo hilo lisilosogea, kwamba huna la kufanya. Piga saa moja kama kawaida.

Mimi ninayeeleza kila kitu mpaka watu wanaangalia mlango, hilo sikulieleza. Niliona ningekuchosha. Niliandaa saa ya ukutani, niliandaa maikrowevu, niliandaa tableti, na sikukumbuka kwamba upande wa pili wa ile simu kuna mtu.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Jumapili tarehe 5 saa za Sydney zilikwenda mbele, zako zikabaki. Wewe ulipopiga saa moja yako, kwa baba yako ilikuwa saa mbili. Tableti ilikuwa imeshaacha kupokea yenyewe nusu saa nzima kabla. Ikaita kimya juu ya meza, hatua mbili kutoka kitanda chake. Na yeye hakuwa amelala. Mmoja alikaa saa moja akaondolewa, mwingine akaja saa moja akakuta pamefungwa, na kila mmoja alidhani ameadhibiwa. Msichana wa ofisini hakukudanganya. Alisema ameshalala kwa sababu kwake kila aliyepelekwa kitandani amelala.

Kuna jambo baya zaidi, na nimekaa siku tatu na barua yako kabla ya kukubali kuliandika. Kama ningeiacha ile tableti na jina la Brisbane, pamoja na kosa lake, ingefuata saa yako. Kioo kingefunguka ulipopiga. Angekuwa kitandani bila koti, angenung'unika kwamba unamwona na nguo za kulalia, na mngesameheana tarehe 5.

Sasa uongo wangu. Sikuifuta tableti. Niliifungua tarehe 22, siku tulipokwenda kuondoa vitu chumbani, nikakuta simu zako zote zimeandikwa. Tarehe 5, saa mbili kamili. Tarehe 6, saa mbili na dakika moja. Tarehe 7, mara mbili. Zote hivyo hadi tarehe 12. Sikuhitaji kufikiri; nilielewa nikiwa bado nimesimama. Keza alikuwepo akikunja mashuka, akaniambia kuhusu koti na zile jioni. Kumbe baba yako alikuwa amenificha, kwa ajili ya nyonga yangu. Siku tatu baadaye nikasimama karibu nawe mlangoni mwa kanisa, ukaniuliza kama alikufa na hasira, nami nikachagua neno ambalo lingenisitiri mimi. Yale maelezo ya moyo na damu ni ya kweli katika vitabu. Kwa baba yako hayakuwa ya kweli. Niliyatumia kama mtu anavyovuta pazia.

Utataka kujua kama mwishoni alielewa. Hakuelewa. Nimemwuliza Keza mara mbili, na mara zote jibu ni moja. Jumatano jioni tarehe 15 alikaa tena, nusu saa nzima, na alipovuliwa koti alisema kitu kwa Kiswahili, ambacho mhudumu wa jioni aliyemsimulia Keza hakukielewa, ila jina lako alilitambua. Siwezi kukupa zaidi ya hapo, na sitabuni.

Wala sitakuomba msamaha kwa barua hii. Mtu akiomba msamaha anampa mwenzake kazi, na wewe una kazi ya kutosha. Ukitaka kutoniandikia tena nitaelewa. Majani ya makaburi yote mawili nitayaangalia, mkwe wangu Mbuvi hunipeleka kila Jumapili baada ya ibada. Tableti nimeichaji. Sijagusa kitu ndani yake, na itakuja kwako kwa posta siku utakayoniambia.

Lakini nimeisoma nakala ya barua ya baba yako mara nyingi, na kila nikiisoma nakwama mahali pamoja. Amekuuliza kuhusu dirisha. Amekuambia anakuja. Amekuambia umemkasirikia vya kutosha. Hakuna hata moja kati ya hayo ulilolijibu, kwa sababu ndoo ilikuwa imefungwa na yeye alikuwa ardhini. Wewe unaniandikia mimi, unaniuliza mimi, na mimi sina chumba wala dirisha. Ukimwandikia, ukanitumia, nitamsomea pale pale alipo, kwa sauti, sitaongeza neno langu. Ukitaka kuichana baada ya kuiandika, ichane, ni yako na yake.

Barua hii usiijibu. Leo, ukitoka kazini, kabla hujavua viatu, chukua karatasi, andika tarehe juu, na umjibu baba yako.

Kalume